Nani Analipa Nauli ya Timu Ndogo?

Jumamosi moja hivi karibuni nilikuwa nyumbani Magu, na ilipofika saa tisa alasiri nikaenda uwanjani. Nilikuta magoli mawili yasiyo na nyavu, mbuzi watatu wakijilia majani kwenye kona, na vijana kama kumi na sita wakipasiana mpira mmoja. Timu yao ilipaswa kuwa ugenini siku hiyo, lakini haikusafiri kwa sababu nauli ilipungua. Wapinzani wakapewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani, na vijana wetu wakaja kufanya mazoezi ili miguu isisahau.

Nilimwita kiungo wao, kijana wa bodaboda ambaye mama yake ni jirani yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

"Tulichanga, baba, tukapungukiwa elfu themanini. Kuna mtu alituahidi. Tukamsubiri stendi mpaka saa mbili asubuhi, simu yake haipatikani."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisikitisha zaidi. Alizungumza kama mtu aliyezoea.

Nikatoka pale nikapita kwenye kibanda umiza kilicho hatua chache kutoka uwanjani. Ndani kulikuwa na mechi ya Uingereza. Vichwa nilivyohesabu vilikaribia themanini, kila mmoja amelipa shilingi mia tano, na jioni kulikuwa na mechi nyingine. Piga hesabu mwenyewe: watu themanini, mara mia tano, mara mechi mbili. Ni elfu themanini kamili.

Hivyo Magu haikukosa elfu themanini siku ile. Fedha ilikuwapo, isipokuwa ilikwenda kwingine. Ndiyo maana wiki hii nataka tuzungumzie ligi za chini: zilikotoka, kwa nini timu zake huzaliwa na kufa kama uyoga, na kama zina kesho yoyote.

Kwanza tuelewane juu ya ngazi yenyewe. Juu kabisa ipo Ligi Kuu yenye timu 16. Chini yake ipo Championship, ambayo wengi wetu bado tunaiita Daraja la Kwanza, kwa kuwa ndilo jina lake hadi mwaka 2021. Inafuata First League, iliyokuwa Daraja la Pili. Kisha inakuja Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na chini yake ligi za mikoa na za wilaya, ambako ndiko aliko kijana wetu wa bodaboda. Chini ya hapo ni mchangani: ndondo, kombe la mbuzi, mechi za mtaa kwa mtaa.

Uzuri wa ngazi hii ni kwamba, kwa kanuni, haina mlango uliofungwa. Timu ya wilaya ikishinda na kushinda tena, inaweza siku moja kucheza na Simba au Yanga. Tumeyaona hayo. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa alikuwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Lakini mwaka 1975 ubingwa ulikwenda Morogoro kwa Mseto, na mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya ilitwaa ubingwa ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Nchi nzima ilishangaa. Mwaka uliofuata Tukuyu Stars ikashuka. Katika misimu miwili klabu ile ilitufundisha yote mawili, kwamba kupanda kunawezekana na kwamba kudumu ni kazi nyingine.

Sisi wa Kanda ya Ziwa somo hilo tulilipata kwa Pamba ya Mwanza. Nilikuwa mtoto mwaka 1990 Pamba ilipotwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba, na redio yetu ya National ilikuwa ya betri nne ambazo mchana zilianikwa juani ili zipate nguvu ya jioni. Mtangazaji wa Radio Tanzania alipotaja Pamba, baba alikuwa akisema, "Pamba yetu." Kwa muda mrefu sikujua kama anasema timu au anasema shamba. Baadaye nilielewa kwamba kwake vilikuwa kitu kimoja. Zao lile ndilo lililotusomesha, ndilo lililoezeka mabati, na jina lake ndilo lililokuwa likitajwa redioni kila Kirumba ilipojaa.

Enzi hizo timu nyingi zilikuwa na mzazi. Tazama majina tu: Pamba, Kagera Sugar, Mtibwa Sugar, Mwadui ya mgodi wa almasi. Timu za majeshi nazo zilikuwapo, na zipo hadi leo. Mchezaji alikuwa mwajiriwa. Asubuhi yuko ofisini au kiwandani, jioni yuko mazoezini, mwisho wa mwezi anapata mshahara, na basi la kazini ndilo lililokuwa basi la timu. Hakuna aliyeuliza nauli inatoka wapi.

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kubinafsisha mashirika ya umma, na mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sisemi hapa kama ilikuwa vizuri au vibaya kwa uchumi. Hayo wana uchumi wameyajadili sana. Ninasema jambo moja tu. Shirika linapohesabu kila senti ili lisife, timu ya mpira ndiyo ya kwanza kukatwa. Timu nyingi zilizolelewa na viwanda na mashirika zilibaki yatima. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001, na ikakaa chini miaka 23.

Katika miaka hiyo yote wana Mwanza hawakukosa timu. Toto Africans walipanda na kushuka, na mara ya mwisho kushuka kutoka Ligi Kuu ilikuwa mwaka 2017. Alliance walipanda mwaka 2018 wakashuka mwaka 2020. Gwambina ya Misungwi ilipanda mwaka 2020, ikiwa na uwanja wake yenyewe, ikashuka mwaka 2021. Jirani zetu wa Shinyanga walikuwa na Stand United, timu iliyozaliwa kwenye stendi ya mabasi, ambayo ilipanda mwaka 2014. Ilipopata mdhamini mkubwa kutoka migodini, ukazuka mgogoro kati ya wanachama na wale waliotaka klabu iwe kampuni. Mdhamini akaondoka, na mwaka 2019 timu ikashuka.

Kisa cha Mbao FC kinahitaji aya yake. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi lao la Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro mabao 7-0. Timu zile mbili zilikuwa zikishindania nafasi moja ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Mtoto wa darasa la tatu angeuliza maswali. TFF ikauliza, ikazishusha timu zote nne, na nafasi ikaangukia Mbao ya Mwanza. Wengi walisema Mbao imepandishwa kwa bahati na itarudi ilikotoka upesi. Mwaka uliofuata Mbao iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba kwa bao 1-0, na katika fainali pale Dodoma ikawapeleka Simba hadi muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Mwaka 2020 Mbao nayo ikashuka, baada ya kushindwa na Ihefu katika mechi za mchujo.

Msomaji ataona kwamba katika visa vyote hivi vipaji havikukosekana. Kanda ya Ziwa haijawahi kukosa miguu. Khalfan Ngassa alicheza Pamba, na mwanawe Mrisho akapitia Kagera Sugar kabla ya kuwa nyota wa Yanga na wa Taifa Stars. Mbwana Samatta, aliyefika hadi Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, alianzia Mbagala Market, timu ambayo wengi nje ya Dar es Salaam hawakuijua. Ligi za chini ndiyo vitalu vyetu. Mti mkubwa unaouona barabarani ulianza kwenye mfuko mdogo wa udongo, na mtu fulani aliumwagilia maji kila siku bila kupigiwa makofi.

Kinachoua timu hizi ni kuegemea mti mmoja. Mti ukianguka, na aliyeegemea ameanguka. Zamani mti huo ulikuwa shirika la umma. Siku hizi ni tajiri mmoja, au mgodi mmoja, au halmashauri moja, au mwanasiasa mmoja anayekumbuka vijana kila baada ya miaka mitano.

Tena siku hizi umezuka mtindo wa timu kuhama kama mpangaji. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, mkoani Mbeya. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Singida nao walikuwa na Singida Big Stars, iliyogeuka Singida Fountain Gate mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikawa Fountain Gate ya Manyara. Kisheria yote yanaweza kuwa sawa. Lakini mzee wa Mbarali aliyekuwa akibeba ngoma kila Jumamosi, unamwambia nini?

Hapa naomba tutoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu wapo watu waliopita njia hii kabla yetu. Marekani wana mchezo unaoitwa besiboli, wa rungu na mpira mdogo, jamaa ya mbali ya kriketi. Chini ya timu kubwa za mchezo huo zipo timu ndogo katika miji midogo nchi nzima. Ligi hizo ndogo ziliungana katika chama kimoja mwaka 1901. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiongozi wa timu ya St. Louis aitwaye Branch Rickey aliona kwamba badala ya kununua wachezaji kwa bei kubwa, afadhali awe na timu ndogo za kwake za kuwakuzia. Wengine wakamwiga. Timu ndogo zikapata fedha, lakini zikawa mashamba ya wakubwa. Kule, tofauti na kwetu, timu ndogo haipandi daraja hata ikishinda mechi zote. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja.

Mwaka 1949 ligi hizo zilifika 59, na watazamaji karibu milioni 40 kwa msimu mmoja. Kisha televisheni ikaingia majumbani. Mtu aliyekuwa akitembea jioni kwenda kuitazama timu ya mji wake akaanza kukaa sebuleni akitazama timu kubwa za New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ligi zilibaki kama 20 tu. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nilikumbuka kibanda umiza cha Magu. Ugonjwa ni ule ule, ila kwetu umefika ukiwa umebeba na mkeka wa kubeti.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2021 wenye ligi kubwa ya besiboli walishika usukani wote na kupunguza timu ndogo zilizo chini yao kutoka 160 hadi 120. Miji kama 40 ikaamka bila nafasi, kwa uamuzi uliofanywa mbali nayo. Upande wa pili, wachezaji wa timu ndogo, waliokuwa wakilipwa ujira mdogo mno, walijiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022, na mkataba wa mwaka 2023 ukaongeza mishahara yao ya chini kwa zaidi ya mara mbili. Na wala hayo si mambo ya mbali kabisa na ziwa letu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Marekani. Miaka kumi baadaye, vijana wawili wa Uganda walisajiliwa na klabu ya Los Angeles Dodgers waanzie katika timu zake ndogo.

Lakini kisa ninachotaka msomaji akichukue ni cha mji wa Rochester, katika jimbo la New York. Timu yao, Red Wings, ilikuwa mali ya klabu kubwa ya St. Louis. Klabu hiyo ilipotaka kuachana nayo, mfanyabiashara mmoja wa mjini, Morrie Silver, hakusema, "Nitainunua mimi." Aliongoza kampeni ya kuuza hisa kwa dola 10 kila moja. Mwaka 1957 watu zaidi ya 8,000 wakawa wenye timu: mafundi, walimu, wauza duka. Timu kubwa zinazoshirikiana nao zimebadilika mara kadhaa tangu hapo, lakini Red Wings ipo Rochester hadi leo. Haikuegemea mti mmoja. Iliegemea msitu.

Turudi nyumbani. Dalili njema zipo, na si haki kuzificha. Mwaka 2024 Pamba ilirudi Ligi Kuu ikiwa Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na ikanusurika kushuka katika msimu wake wa kwanza. Siku ilipopanda, nilitamani baba angekuwapo. Fedha za televisheni nazo zimeongezeka: mwaka 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu. Championship nayo ina mdhamini, benki ya NBC.

Hata hivyo, maji yakimwagwa juu ya paa hayafiki shambani bila mfereji. Kadiri Ligi Kuu inavyotajirika, ndivyo ngazi inavyokuwa ndefu kwa anayeanzia chini. Biashara United ya Musoma, majirani zetu wa barabara hii hii ya Magu, walipata kucheza mashindano ya Afrika. Oktoba 2021 waliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 pale Dar es Salaam, kisha wakashindwa kusafiri kwenda mechi ya marudiano, wakatolewa. Mwaka 2022 wakashuka daraja. Kutoka ligi ya wilaya hadi mashindano ya Afrika, timu ndogo inaangushwa na kitu kile kile: safari.

Sasa tufanye nini? Nina maoni matatu, na atakayepinga anipinge.

La kwanza, ligi za wilaya na mikoa zipangwe kwa jiografia ya mfukoni. Timu zicheze na majirani kwanza, safari za kwenda na kurudi siku moja, na mechi za mbali zisubiri hatua za mwisho. Magu hadi Mwanza ni kilometa zipatazo 60. Timu inayosafiri kilometa 60 inaweza kuchangiwa na mashabiki wake. Inayosafiri kilometa 400 inahitaji tajiri.

La pili, timu iwe ya wengi, kwa mchango mdogo wenye stakabadhi. Wakulima wa pamba wana vyama vyao vya ushirika, bodaboda wana vijiwe vyao, akina mama wa dagaa wana vikundi vyao. Watu 500 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwaka, hiyo ni milioni moja. Haitanunua mshambuliaji kutoka nje, lakini nauli ya ligi ya mkoa haitakosekana. Muhimu kuliko fedha, hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Timu zetu nyingi zinauawa na umaskini, na nyingine nyingi zinauawa na mashaka juu ya mweka hazina.

La tatu, tulinde viwanja. Uwanja wa wazi ukishagawanywa kuwa viwanja vya nyumba au fremu za maduka, haurudi. Timu inaweza kufa na kufufuka, kama Pamba ilivyofufuka baada ya miaka 23, lakini uwanja ukifa umekufa.

Atakayesema wananchi wa kawaida hawawezi kubeba jambo lao bila mfadhili, nitamkumbusha Bagika na Bagalu. Vikundi hivi viwili vya ngoma vya Kisukuma vimeshindana kwa vizazi. Nenda Bujora, pale Kisesa, wilayani Magu, wakati wa sherehe za bulabo mwezi Juni, uone umati. Hawakusubiri mgodi wala mwanasiasa. Watu walilima pamoja kwa ngoma ya bugobogobo, wakala pamoja, wakashindana, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi upande wake. Babu zetu walijua kwamba watu hawaji kwa sababu mchezo ni mkubwa. Wanakuja kwa sababu ni wao.

Jioni ile nilipita tena uwanjani. Vijana walikuwa wamemaliza. Kiungo wetu alikuwa akifuta vumbi kwenye pikipiki yake kwa jezi ile ile, kwani usiku alikuwa na abiria wa kuwahi.

"Wiki ijayo mnacheza?" nikamuuliza.

"Tunacheza hapa hapa nyumbani, baba. Hapo hatuhitaji nauli."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini wiki inayofuata ni ugenini tena, na mpaka nilipoondoka mtu yule aliyeahidi alikuwa bado hapatikani kwa simu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.